Sinia Lililorudi Limejaa

Nordvik, Minnesota
14 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu LaVonne,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, tena nyingi kuliko kawaida, maana leo nina moyo mkunjufu na habari zimenijaa mpaka kooni. U hali gani huko Arizona? Kile kikohozi kimekuacha? Usingizi je, umerudi tangu tulipomzika shemeji Gordon? Usinijibu kwamba hujambo tu, ukaishia hapo, kama ilivyo desturi yetu. Niambie unakula nini na unalala saa ngapi.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto hununa asubuhi, likipata joto linatulia. Macho ndiyo hayajapona, na daktari hanidanganyi tena kwamba yatapona. Amenikataza kabisa kuendesha. Gari la marehemu mume wangu Leland limekaa bandani, na paka amezaa kwenye kiti cha nyuma. Jana theluji nyepesi ilianguka, ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Barua yako niliipata. Na lile swali uliloliweka mwishoni kabisa, chini ya jina lako, kama mtu anayeacha kikapu mlangoni kisha akakimbia, nimeliona. Nitalijibu. Lakini kwanza nikupe habari, kwa sababu bila habari hii hutaelewa jibu langu limetoka wapi.

Tuna duka, LaVonne! Duka la vyakula, lenye maziwa, mayai, vitunguu na mkate wa leo, pale pale kwenye jengo la mzee Einar. Nimetoka huko sasa hivi kwa miguu yangu mwenyewe.

Najua wewe huko una maduka kila kona na unaweza kuona nimerukwa na akili kwa kushangilia kitunguu. Lakini Einar alipostaafu na kufunga mlango, sisi tulibaki tukienda maili thelathini kutafuta yai. Mwanzoni tulijikaza kisabuni. Tukapeana lifti, tukajaza majokofu. Kisha benki ikafunga dirisha lake. Halafu wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakihamia zile nyumba za kupanga kule mji mkuu wa wilaya, zenye lifti na korido ndefu inayonuka dawa ya sakafu.

Mwanangu Curtis naye akaanza kunipigia simu kwa sauti ya upole, ile sauti anayosemeshwa ng'ombe anayepelekwa machinjoni. "Mama, bila duka na bila gari, utaishije? Nimekutafutia chumba kizuri. Kina dirisha." Na alisema kweli. Kingepita kipupwe kimoja tena, basi, na nyumba hii ingeuzwa, hii hii tuliyozaliwa mimi na wewe, yenye doa darini la ile jamu ya plamu uliyoilipua ukiwa na miaka kumi na moja. Nililia, nakwambia ukweli. Nililia jikoni nikiliangalia hilo doa.

Sasa, unamkumbuka Verlyn Aasgaard, aliyekuwa akikurushia mabonge ya theluji akidhani ndiyo mapenzi? Siku hizi ana kipara na ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya mji. Yeye ndiye aliyesema jengo la Einar lisiachwe lioze. Mji ukalichukua, na watu wakajitolea. Wakulima wa soya walipanda juu ya paa kati ya kupanda na kupalilia. Wanawake wa kanisa walipaka rangi. Jirani yetu Orville Stensrud, yule mseja mwenye ng'ombe, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kopo la chai, alitengeneza majokofu yote peke yake bila kumwambia mtu. Tulikuja asubuhi moja tukayakuta yananguruma.

Jengo likawa tayari, mwenye duka akakosekana. Tulitangaza kwenye gazeti la wilaya majira yote ya baridi. Alijitokeza mtu mmoja tu, mama mmoja anaitwa Yesenia Barragán, kutoka ule mji wenye kiwanda cha bata mzinga. Alikuwa ameuza kwenye duka la watu tangu ujana wake, na alitaka lake. Mumewe Rubén ni dereva wa lori. Tukamwalika aje kanisani Jumapili, ukumbi wa chini, tuonane.

Hapo ndipo tulipoharibu, na tuliharibu kwa adabu zetu zote.

Umeondoka siku nyingi, labda umesahau. Kwetu mtu akikukaribisha kitu, mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu ndiyo unapokea, tena kipande kidogo. Mama alitufinya chini ya meza tukithubutu kupokea mara ya kwanza, na mimi nimewafinya wanangu vivyo hivyo.

Basi Yesenia akaja, amevaa vizuri, mikononi sinia kubwa la tamale. Ni unga wa mahindi uliojazwa nyama na pilipili, ukaviringishwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Harufu ilijaa ukumbi mzima. Akapita nalo kila meza, "Karibuni, karibuni, nimepika mwenyewe alfajiri," na kila mtu akamjibu, "Hapana, asante, nimeshiba." Na hakuna aliyeshiba! Tulikuwa tunasubiri atukaribishe tena. Yeye akafika meza ya mwisho, akalifunika sinia, akaliweka chini ya kiti chake.

Kisha akasimama mbele, akauliza bila kumumunya maneno. "Nataka kufungua duka hapa kwenu. Nitahamia na watoto wangu. Je, mnanitaka?"

LaVonne, laiti ungetusikia.

Verlyn, mwenyekiti mzima, akajikuna kipara. "Aa, mama, usijisumbue sana kwa ajili yetu. Tumeshazoea."

"Huko mjini si mbali," Orville akachangia. "Unafika tu."

Mimi nami, mwenye macho mabovu na gari lenye paka, nikasimama na kumwambia, "Una watoto, mwanangu. Tusingependa kukupa mzigo." Nikakaa nikijiona nimesema jambo la heshima kabisa.

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Akasema ahsante, akachukua sinia lake limejaa vile vile, akaenda. Sisi tukabaki tunapongezana kwa kumpokea vizuri. Verlyn akasema yule mama lazima ameona jinsi tunavyomhitaji.

Haikupita muda simu ikalia kwa Verlyn. Yesenia alikuwa amepata mji mwingine wa kufungua duka, alibakiza kutia saini tu. Verlyn alishikwa na butwaa. Alipomuuliza sababu akaambiwa, "Mzee, nilikuja kwenu nikawauliza. Mji mzima ukasema hapana. Hata chakula changu hamkukigusa."

Verlyn akaitisha kamati pale pale ukumbini. Alikuwa mweupe kama unga. Na unajua alipendekeza nini? Kwamba amwandikie barua ya upole, amwambie kwamba kama haitakuwa usumbufu mkubwa, na kama hana shughuli nyingine, pengine angeweza kufikiria upya. Nikapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Nikamwambia, "Verlyn, ukimwandikia upuuzi huo, mimi nitahamishiwa kwenye ile korido na wewe utakuwa mwenyekiti wa ghala la nafaka peke yake!" Watu wakashtuka. Nami nilishtuka kidogo, lakini sikuomba radhi.

Mchana ule ule tukaingia kwenye pikapu ya Verlyn, sisi watatu tumebanana mbele, Orville katikati na magoti yake mdomoni. Nilimchukua Orville kwa makusudi, kwa sababu mtu asiyesema huaminiwa akisema. Njiani nikawafanyisha mazoezi.

"Mimi ndiye Yesenia," nikasema. "Orville, unalitaka duka?"

"Haliwezi kuwa baya."

"Hapana. Sema ndiyo."

"Sijasema silitaki."

"Orville!"

"Sasa kelele za nini? Nimeshakubali."

"Umekubali lini?"

"Tangu lile sinia."

Verlyn akacheka mpaka pikapu ikayumba. Lakini nikamgeukia na yeye, na naye hakuweza. Kila akifungua mdomo ilitoka "labda" au "kama si tabu." Watu wazima wenye matrekta, neno moja linawashinda. Nami nikijaribu moyoni, nalikuta linakwama kama mwiba wa samaki.

Yesenia alitufungulia mlango akiwa na aproni. Alitukaribisha kwa adabu, si kwa furaha. Watoto walikuwa wanaangalia televisheni, na jikoni mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria kubwa.

"Mtakunywa kahawa?" akauliza.

"Usijisu..." Verlyn akaanza, nikamkanyaga kwa mguu wangu mzima.

"Ndiyo," nikasema. Ilitoka kama kikohozi. "Ndiyo, tutakunywa."

Ndipo Orville, akiwa bado amesimama mlangoni na kofia mikononi, akafanya jambo ambalo baba yake na babu yake hawakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu. Aliomba chakula.

"Zile za siku ile," akasema, "zimebaki?"

Yesenia akamtazama. "Za siku ile tulizila wenyewe wiki nzima. Wanangu mpaka leo wakiziona wanakimbia. Lakini nina nyingine kwenye sufuria. Unataka?"

"Nataka. Tatu."

"Siku ile hukutaka hata moja, mzee."

"Siku ile," Orville akasema, na uso umemwiva kama nyanya, "nilitaka sinia zima."

Yesenia akaweka kijiko chini. Nikaona huo ndio wakati, na nikijivunga nimekwisha. Nikamwambia kwamba sioni vizuri, siendeshi tena, na kwamba asipokuja nitaondolewa kwenye nyumba niliyozaliwa. Nikamwambia nilipomwambia kwamba hatutaki kumpa mzigo, nilikuwa namwomba aje. Nikamwambia, "Nakuhitaji. Mji wote unakuhitaji. Njoo, tafadhali." Nikaona haya, kisha haya zikaisha, nikahisi mwepesi kama nimevua buti za theluji.

"Sasa mbona hamkusema?" akauliza.

"Tulisema, mama," Verlyn akajibu kwa unyonge. "Ulitakiwa utuulize tena."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akatukodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti. "Kwetu," akasema akijifuta machozi, "ukikataa chakula cha mtu umemtukania mama yake. Nilirudi nyumbani nikamwambia Rubén, watu wa kule ni wakavu, hata kuchukia hawachukii kwa sauti." Akainuka akampa Orville tamale zake tatu. Orville akazila zote, akaomba ya nne. Ndiyo, ya nne.

Lakini yule mama si mtoto. Akatuambia, "Nyie watatu nimewasikia. Siwezi kufungua duka la watu watatu. Jumapili nitakuja pale dukani na mume wangu, na kila anayenitaka aje aniambie kwa mdomo wake. Nitamuuliza mara moja tu. Atakayesema hapana, nitaamini ni hapana."

Wiki ile sikulala vizuri. Watu wetu unawajua. Wanaweza kukuzolea theluji mlangoni kwako alfajiri ukiwa bado umelala, lakini kukwambia wanafurahi umo, hilo hawawezi. Niliogopa watakaa nyumbani kwa aibu.

Walikuja, LaVonne. Baada ya ibada mji wote ulishuka barabarani, mchungaji na joho lake, wazee na magongo, tukajipanga kando ya zile rafu tupu. Yesenia akasimama kwenye kaunta na Rubén pembeni yake. Akamuuliza kila mmoja, "Unanitaka hapa?" Na kila mmoja ilibidi atafute sauti yake. Wengine walisema wakiangalia viatu. Mmoja akasema, "Nadhani ni sawa," mkewe akamtia kiwiko cha mbavu, akapiga kelele, "Ndiyo!" Duka zima likacheka, na baada ya hapo ikawa rahisi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mlangoni. Verlyn alipofikiwa alilia waziwazi, na Orville, bila kuulizwa, akapanga foleni tena akasema mara ya pili.

Najua tumefundishwa tusijisifu. Leo naomba ruhusa. Nimeishi hapa miaka sabini na kitu, nimeona watu hawa wakizika, wakiozesha mabinti, wakipoteza mavuno kwa mvua ya mawe, na sijawahi kuwaonea fahari kama siku ile walipokuwa wanatetemeka kusema neno moja.

Sasa uje uone duka lenyewe. Pilipili kavu zinaning'inia karibu na chapati zetu za viazi. Msimu wa wale samaki wakavu wetu wanaolowekwa magadi umekaribia na Yesenia amewaagiza bila kubisha. Alipofungua boksi la kwanza alinusa akasema, "Huyu amekufa mara mbili," lakini amemweka mbele kabisa. Dirishani kuna meza na birika la kahawa, na juu ya birika amebandika kadi: Nauliza mara moja tu. Wageni wanadhani ni ukali. Sisi tukiisoma tunacheka, kisha tunamimina.

Orville anakuja kila asubuhi. Juzi aliongea kuhusu ndama wake mpaka kahawa ikapoa. Benki imerudisha dirisha lake siku chache za wiki. Kuna vijana wawili, mke na mume, wamechukua nyumba karibu na ghala, mke ana mimba. Miji ya jirani inatuma watu kuja kutazama tumefanyaje, na Verlyn anawatembeza akiwa amevimba kama jogoo, akiwaonyesha paa. Nami namwacha avimbe. Kazi kaifanya.

Na Curtis alikuja. Nilimtuma dukani aninunulie mkate, kwa makusudi. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na mkate, tamale, na habari za ndama wa Orville. Alisimama jikoni akaangalia dari, akaniambia, "Mama, hilo doa kwa nini hamlipaki rangi?" Lile neno la chumba chenye dirisha sijalisikia tena. Siku goti likinuna Rubén ananiletea vitu mpaka mlangoni, nami nampokelea mara ya kwanza.

Nisalimie Denise na Todd, na umbusu mjukuu wako Kayla kwenye mashavu yote mawili. Mwambie bibi yake wa huku ana paka wadogo wanne wanaoishi kwenye gari. Verlyn anakusalimu, na alipolitaja jina lako aliinua kofia juu ya kile kipara. Mungu akulinde, akupe usingizi, na asikuache mpweke mezani.

Sasa lile swali. Umeniuliza kama nisingechukia uje tukae wote, sisi wajane wawili, nyumbani kwetu. Jana nilianza kukujibu. Niliandika: usijisumbue, mdogo wangu, huko kuna joto na una marafiki, sisi huku tunajikokota tu. Adabu tupu, mistari minne. Kisha nikasoma nilichoandika, nikakikumbuka kile kiti kanisani na sinia lililofunikwa chini yake. Karatasi ile nimewashia jiko.

Ndiyo, LaVonne. Nataka uje. Njoo kabla barafu haijafunga barabara, na uje ulipake rangi doa lako mwenyewe.

Wako akupendaye bila kumumunya maneno,
Dada yako Ardys